Kaburi la Songea na Matuta ya Usambara

Ukumbusho ni maandishi, na kama maandishi yo yote hauna budi kusomwa pamoja na yale uliyoyaacha. Mwalimu wa Lushoto anayetaka kuwafunza vijana wake juu ya wanawake waliokufa katika uasi, hulazimika kuwaelekeza mbali na milima yao, hadi Makumbusho ya Majimaji huko Songea. Hapo wanakumbukwa mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na wengi wao wamelala katika kaburi moja. Miongoni mwao hutajwa mwanamke mmoja tu, Mkomanile, kiongozi wa Kitanda. Heshima hiyo inamstahili.

Lakini kipimo cha ushujaa kilichotumika pale kina kasoro. Kamba ya mnyongaji ndiyo iliyochagua nani akumbukwe. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi, na wanahistoria hukadiria vifo vya vita hivyo kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mama aliyekufa akitafuta mizizi porini hakusomewa hukumu, basi jina lake halimo jiweni.

Tukikubali kipimo hicho, Usambara haina la kukumbuka. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, kisha wakaueneza milimani. Wakulima walilazimishwa kupiga matuta kwenye miteremko mikali. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Amri ilitolewa barazani, mbele ya wanaume, lakini jembe la shamba la chakula lilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Wasambaa wana maneno mawili makubwa ya siasa: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Mpango uliojiita uponyaji wa udongo wao waliuona kuwa uharibifu wa nchi, nao wakaukataa mpaka ukaachwa mwaka 1957.

Mapambano hayo hayakuwa na mti wa kunyongea. Lushoto, iliyokuwa Wilhelmstal ya Wajerumani, imetunza majengo ya watawala. Habari za matuta zimetunzwa na midomo ya wazee. Waliolima matuta hayo wakiwa wasichana sasa ni vikongwe, nao ni wachache. Wanafunzi wawaulize majina ya waliotozwa faini, na ya waliotupa jembe, kabla mtu hajafikiria kununua saruji.