"Jumla" na Sehemu Zake: Uhakiki wa Mifumo ya Kusimamia Maudhui kwa Kipimo cha Matini za Kiswahili cha Katanga

1. Utangulizi

Mnamo Septemba 2005 kundi la wataalamu wa programu waliojitenga na mradi ulioitwa Mambo walitoa mfumo mpya wa kusimamia maudhui ya tovuti, wakaupa jina Joomla. Jina hilo ni neno la Kiswahili "jumla", lililovishwa tahajia ya kumrahisishia msemaji wa Kiingereza matamshi yake. Hivyo Kiswahili kiliingia katika uwanja huo kwa mlango wa jina. Swali ambalo halijashughulikiwa ipasavyo ni hili: je, mifumo ya namna hiyo, iwe Joomla, Drupal iliyotolewa mwaka 2001 au WordPress iliyotolewa mwaka 2003, inaweza kuyapokea maandishi ya Kiswahili yenyewe bila kuyaharibu?

Makala haya yanajadili swali hilo kwa kutumia kipimo kimoja, yaani matini za Kiswahili cha Katanga, na hasa zile zilizotoka katika miji ya wachimbaji kama Kolwezi na makambi yake ya Musonoi na Ruwe. Kipimo hicho kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, matini hizo ni ngumu kuhariri, na chombo hujulikana ubora wake kwa kazi ngumu. Pili, idara zinazofundisha Kiswahili katika Lualaba na Haut-Katanga hazina budi, leo au kesho, kuamua namna ya kuhifadhi sauti na maandishi ya wenyeji wao.

2. Mfumo wa kusimamia maudhui ni nini

Zamani mtu aliyetaka kuweka matini katika intaneti aliandika kila ukurasa kwa mkono wake, maneno pamoja na amri za kuyapanga, kisha akalipeleka faili hilo kwenye seva. Mfumo wa kusimamia maudhui hutenganisha mambo hayo mawili. Maneno huwekwa katika hifadhidata. Sura ya ukurasa hutoka katika kiolezo. Na msomaji anapoomba ukurasa, programu huviunganisha. Mwandishi hujaza fomu yenye nafasi ya kichwa, mwili wa matini, jina la mwandishi, tarehe, lugha na maneno ya kuainisha. Mhariri hupitia rasimu, na msimamizi hutoa idhini za kuandika, kurekebisha na kuchapisha.

Faida zake ni dhahiri. Mwalimu asiyejua amri za kompyuta anaweza kuchapisha. Kiolezo kikibadilishwa mara moja, kurasa elfu hubadilika sura. Kazi hugawanywa kama katika chumba cha uhariri wa gazeti. Hata hivyo, kila fomu ina nadharia ndani yake. Anayeuliza "mwandishi ni nani?" amekwisha kudhani kwamba matini ina mwandishi, tena mmoja.

3. Kipimo: Vocabulaire ya Elisabethville

Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Andiko hilo, lijulikanalo kwa kifupi kama Vocabulaire, lilipigwa chapa kwa Kiswahili cha Katanga bila kufuata tahajia sanifu: maneno yameunganishwa au kukatwa pasipo kanuni moja, na alama za vituo ni chache. Johannes Fabian alilichapisha kitabuni mwaka 1990. Ili kulifahamu, Kalundi Mango alilisoma kwa sauti, na usomaji huo ukaandikwa upya. Kitabu hicho kina andiko la awali, matini iliyopitia sauti, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Baadaye matini za namna hiyo zilipata makao katika intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyoanzishwa na Fabian na Vincent de Rooij katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Hifadhi hiyo iliweka Kiswahili, tafsiri na maelezo mbele ya msomaji yeyote mwenye kompyuta. Mwaka 2008 Fabian alitoa kitabu kizima kilichoegemea matini moja ya hifadhi hiyo, mazungumzo yaliyorekodiwa Lubumbashi mwaka 1974. Hoja yake ilikuwa kwamba matini ikiwapo mbele ya wote, maandishi ya mtafiti hugeuka kuwa ufafanuzi, na msomaji huweza kumsahihisha mtafiti.

Vocabulaire ikiingizwa katika fomu ya kawaida, matatizo huanza katika mstari wa kwanza. Mwandishi ni Yav, au ni chama kilichomtuma? Tarehe ni 1965, au ni siku Kalundi Mango alipoisoma, au ni 1990? Na mwili wa matini ni upi kati ya tabaka zile nne? Katika WordPress ambayo haijaongezewa kitu, kuna kichwa kimoja na mwili mmoja. Mhariri mwenye haraka atachagua tabaka linalosomeka kwa urahisi, na andiko la awali litabaki kabatini. Drupal huruhusu kubuni aina za maudhui na kuziunganisha, hivyo kila tabaka laweza kuwa kitu kinachojitegemea chenye kiungo kwa mwenzake. Lakini ruhusa hiyo haina faida ikiwa aliyepanga mfumo hajui kwamba tabaka zipo. Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika kabla ya fundi.

4. Lugha ipi?

Nafasi ya lugha nayo yataka kuangaliwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3 kinatambua Kiswahili kama lugha pana yenye alama "swa", na chini yake kinaweka "swh" kwa Kiswahili cha pwani na "swc" kwa Kiswahili cha Kongo. Lakini orodha zilizo tayari ndani ya mifumo aghalabu huwa na alama moja fupi, "sw". Matini ya Musonoi ikipewa alama hiyo pekee, huhesabiwa pamoja na matini za Zanzibar, na programu ya kusahihisha tahajia huikuta imejaa makosa.

Madhara yake huonekana katika mfano mdogo. Sentensi "Bantu balikuwa banatumika" ni ya kawaida kabisa katika Katanga. Mhariri aliyezoea sanifu ataibadilisha iwe "Watu walikuwa wanatumika", akidhani amerekebisha viambishi tu. Kumbe amebadili maana. Katika Kiswahili cha Katanga "kutumika" ni kufanya kazi. Katika Kiswahili sanifu msomaji ataelewa kwamba watu hao walikuwa wakitumiwa na wengine. Kwa habari za wachimbaji wa Union Minière, tofauti hiyo si ndogo: mhariri amemtilia mchimbaji kinywani lawama ambayo hakuitamka.

Maneno ya kuainisha yana hatari hiyohiyo. Padre Placide Tempels alifika Ruwe, karibu na Kolwezi, mwaka 1953, na katika makambi ya wafanyakazi ikazaliwa harakati ya Jamaa. Katika mafundisho yake maneno "uzima", "uzazi", "mapendo" na hata "mawazo" yalipata maana mahsusi. Hifadhi ikiziainisha matini hizo kwa "jamaa" chini ya kundi la "familia", msomaji atapelekwa kwenye ukoo na ndoa, ilhali matini inazungumzia imani.

Jina la mahali lenyewe lataka uangalifu. Huandikwa Musonoi, Musonoï na Musonoie. Mkoa wake uliitwa Katanga, ukaitwa Shaba kuanzia 1971, ukarudia Katanga mwaka 1997, na tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Hifadhidata isiyounganisha majina hayo humpa mtafutaji robo ya kilichomo. Wanamadini wameliweza jambo hili. Guilleminite na demesmaekerite, madini yaliyoelezwa mwaka 1965, pamoja na derriksite ya mwaka 1971, yameorodheshwa katika katalogi za dunia kuwa yamegunduliwa kwanza Musonoi. Jiwe la Musonoi limeandikiwa asili yake kwa uangalifu. Usemi wa Musonoi unastahili uangalifu usiopungua huo.

5. Uhariri unaoonekana na usioonekana

Sifa kuu ya mifumo hii kwa mhakiki matini ni kumbukumbu ya marekebisho: mfumo hutunza hali ya matini kabla na baada ya badiliko, pamoja na jina la aliyebadili na saa. Ni zana ambayo wahariri wa miswada ya kale wangeitamani. Walakini ina upungufu wa aina mbili. Kwanza, hueleza nani na lini, lakini sababu huachwa kwa hiari ya mhariri. Pili, katika WordPress kumbukumbu hiyo huonwa na wenye idhini tu. Msomaji wa kawaida huona hali ya mwisho kana kwamba ndiyo pekee. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 juu ya programu ya aina nyingine, huacha historia ya kila ukurasa wazi kwa wote. Kwa matini za kihistoria, desturi hii ya pili ndiyo ya kufuatwa.

Yapo pia marekebisho yasiyofanywa na mtu. WordPress, inapoonyesha matini, hugeuza vistari viwili vilivyofuatana kuwa kistari kirefu, na nukta tatu kuwa alama moja. Kwa habari za michezo hiyo ni nakshi. Kwa unukuzi wa mazungumzo, ambamo idadi ya nukta huweza kuonyesha urefu wa kimya, ni upotevu wa data. Hapana budi uwezo huo uzimwe kabla matini ya kwanza haijaingizwa.

6. Uhai wa hifadhi

Kurasa zilizoandikwa kwa mkono, kama zile za Amsterdam, zina udhaifu wake: kuzirekebisha ni kazi ya faili moja moja, na anwani ya hifadhi hiyo imebadilika zaidi ya mara moja. Lakini ukurasa wa namna hiyo hunakiliwa katika diski na kufunguliwa bila mtandao, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo umeme na mtandao havitegemewi. Mfumo wa kusimamia maudhui huhitaji seva, hifadhidata na mlinzi wa kudumu. Programu huzeeka: toleo la saba la Drupal, lililotolewa mwaka 2011, lilikoma kuhudumiwa na waundaji wake Januari 2025. Mfumo usiosasishwa ni mlango wazi kwa wezi. Mradi ukiisha fedha, hufa upesi kuliko kitabu.

7. Hitimisho

Uhakiki huu haukatai mifumo ya kusimamia maudhui. Uhodari wake katika kugawa kazi na kutunza marekebisho haulinganishwi na kazi ya mkono. Unachokataa ni kuipokea kama ilivyotoka dukani. Idara itakayoichukua kwa ajili ya matini za Katanga yapaswa kutimiza masharti manne: kila tabaka la matini liwe na nafasi yake, na la awali lisifutwe kamwe; lugha iandikwe "swc" na si "sw" peke yake; kila rekebisho liambatane na sababu na lionekane kwa msomaji; na nakala kamili ya kurasa zinazofunguka bila seva itolewe kila mwaka na kuwekwa maktabani Kolwezi na Lubumbashi.

Sharti la nne ni zito kuliko mengine, maana linawahusu wenye matini. Mzee wa Musonoi akisikia kwamba maneno yake yamehifadhiwa, ana haki ya kuonyeshwa yalipo, kuyasoma jinsi alivyoyasema, na kusema palipokosewa. Mfumo utakaomwezesha kufanya hivyo utakuwa umeistahili maana ya neno "jumla".