Uhakiki wa Istilahi ya "Rezonansi" katika Kemia Ogania

Miongoni mwa istilahi za msingi za kemia ogania, "rezonansi" ndiyo inayopotosha zaidi, na upotoshaji huo haukuanzia katika Kiswahili. Linus Pauling aliichukua kutoka fizikia ya kwanta, ambayo nayo iliirithi kutoka elimu ya mitikisiko na sauti. Mwanafunzi anayeikuta kando ya michoro miwili ya benzini, yenye bondi maradufu zilizobadilishana nafasi, huamini kwamba molekuli hurukaruka kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Mwaka 1872 Kekulé alifikiri vivyo hivyo. Vipimo vinakataa: bondi zote sita baina ya kaboni za benzini zina urefu mmoja, takribani pikomita 139, ilhali bondi moja ya kawaida ina 154 na bondi maradufu 134. Molekuli ni moja, na haibadiliki. Michoro ndiyo miwili.

Christopher Ingold alipendekeza "mesomeri", neno lenye asili ya Kigiriki linalodokeza kuwa katikati. Lilikuwa neno bora, na bado linatumika Ujerumani na Ufaransa, lakini Kiingereza kilibaki na la Pauling.

Kutafsiri kwa "mwangwi" au "mvumo" kungeongeza kosa. "Chotara" linavutia zaidi, nalo linaafiki mfano wa Wheland wa baghala, ambaye hawi farasi leo na punda kesho. Hata hivyo, baghala ana wazazi halisi. Mfano wa John D. Roberts unafaa zaidi: msafiri aliyemwona faru anawasimulia wenzake kuwa ni mnyama aliye kati ya joka na farasi wa pembe moja. Faru yupo, wazazi hao hawakuwahi kuwapo.

Kwa hiyo napendelea "mtawanyo wa elektroni", kwa kuwa hutaja kilichomo katika molekuli, si kilichomo karatasini. Hubeba hata upande wa vipimo: benzini ikiongezwa haidrojeni hutoa takribani kilojuli 208 kwa moli badala ya 360 zinazotarajiwa kwa bondi maradufu tatu zilizotengana, na tofauti hiyo yaweza kuitwa "nishati ya mtawanyo" bila utata. (Fizikia ina mtawanyo wa mwanga, lakini muktadha hutenganisha.) Mshale wenye vichwa viwili ubaki kama ulivyo, mwalimu ausome "huchorwa pia", asiusome "hugeuka kuwa".