Maneno ya Watu Hadithini

Tumepata kusoma mswada wa hadithi ya kijana mmoja wa Mombasa, pamoja na masahihisho ya mhariri wake. Katika hadithi hiyo bibi kizee amwona mjukuu wake akilia mlangoni, naye amwita: "Ndoo hapa, mume wangu. Mato yako yana nini?" Mhariri ameyakata maneno hayo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake: "Njoo hapa, mjukuu wangu. Macho yako yana nini?" Kijana atuuliza ni nani mwenye haki.

Hoja ya mhariri si dhaifu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki. Faida yake ni dhahiri: mtoto wa Ujiji na mtoto wa Tanga waweza kusoma kitabu kimoja. Tena msomaji wa bara akutanapo na "ndoo" aweza kudhani yatajwa ndoo ya maji. (Twakiri kwamba tulicheka tulipoliwaza jambo hilo.)

Walakini sheria hizo zamfunga mwandishi anenapo kwa kinywa chake mwenyewe. Anenapo bibi kizee, kinywa si cha mwandishi. Hata Waunguja, ambao usemi wao ulifanywa kipimo, hawasemi kama kitabu. Mwenyeji wa Unguja amkaripiapo mwanawe hasemi, "Nimekwisha kukuambia", husema, "Nshakwambia." Wala akiwa na haraka hasemi "nitakuja," bali "ntakuja." Basi mhariri atakaye usafi wa sarufi vinywani mwa watu wote hatapata mtu hata mmoja wa kumwiga, pwani wala bara.

Liko na kosa la upande wa pili, nalo latuudhi zaidi. Mwandishi ampa mpishi aliyetoka Usukuma maneno kama haya: "Bwana, ile kitabu yako iko mezani." Si vibaya, wengi ndivyo wasemavyo lugha waliyojifunza ukubwani. Lakini jioni mpishi arudi kwake, azungumza na mkewe kwa Kisukuma, na mwandishi angali akimchechemeza: "Mke yangu, leta ile maji." Hapo sikio la mwandishi limelala. Katika lugha ya mama yake mtu huyu hachechemei. Yamkini ni msemaji hodari, ajuaye mafumbo na adabu ya kunena na wakwe. Afasiriwapo kwa Kiswahili, apewe Kiswahili kilichonyoka. Kumpa kibovu si kufuata ukweli, ni kumdhihaki mbele ya watu.

Muhammad Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), amemwacha Bwana Msa na wenzake wanene kama wenyeji wa Unguja, na msomaji aliye mbali hapotei. Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), amefanya kinyume: Karama hunena kama kitabu. Hatumlaumu, kwa kuwa Karama asimama mbele ya mfalme akijitetea, na nchi yenyewe yaelea hewani. Mtu asitafute maneno ya sokoni mahali pasipo soko.

Kijana wetu twamshauri ayatetee "ndoo" na "mato," maana hakuna aitaye ndoo ya maji kwa jina la mume. Lakini mhariri akishupaa, na akubali "njoo" na "macho," ila asimwachie "mume wangu." Bibi wa pwani humwita mjukuu wake mume kwa utani, kumtuliza, akisema "mjukuu wangu" kavu kavu, mtoto atadhani amekosa. Tena maneno hayo mawili hayakuvunja sheria yo yote ya sarufi. Yalifutwa bure.