Dampa Mpya Haiponyi Ekseli Iliyolegea

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, gari la kupanda vilima vyenye utelezi, liwe la wagonjwa, la polisi au la mafundi wa umeme, mara nyingi huwa Land Cruiser ya familia ya 70, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Land Rover za zamani nazo bado zipo. Zote zina ekseli ya mbele iliyo kipande kimoja, kutoka gurudumu hadi gurudumu, na zote huugua ugonjwa mmoja: mtetemo wa usukani. Kwenye murram, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, hakuna dalili. Gari likishika lami, likateremka kuelekea Oyugis au likapita Suneka likienda Rongo, mwendo ukafika 70 au 80, shimo dogo tu latosha: usukani unampokonya dereva mikono, sehemu yote ya mbele inatikisika, na haitulii mpaka gari likaribie kusimama. Kesho yake inanunuliwa dampa mpya ya usukani, yaani kifyonza mshtuko wake. Hoja yangu ni kwamba dampa iwe ya mwisho kununuliwa. Anayeanza nayo anaizima dalili kabla haijamwonyesha ubovu ulipo.

Tuanze na hesabu. Tairi la 7.50R16 lina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo hukata mita 2.5 hivi kila linapozunguka mara moja. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari huenda mita 22 kila sekunde, na gurudumu huzunguka karibu mara tisa. Tairi lisilo na balansi litaipiga ekseli mara tisa kwa sekunde, na mtetemo wake una tabia yake: huja katika mwendo fulani, na ukiongeza au kupunguza kidogo, unapotea. Mtetemo ninaouzungumzia hauko hivyo. Ukishawaka hujilisha wenyewe, hata mwendo ukishuka hadi 50 au 40. Gurudumu la kushoto likiruka, ekseli nzima inainama. Gurudumu linalozunguka kwa kasi, likiinamishwa, hujipinda upande. Tairodi, ule mchuma unaoyaunganisha magurudumu mawili ya mbele, inalivuta na lile la kulia. Ekseli inainama upande wa pili, na mchezo unaanza upya. Katika gari zima, msuguano wa viungo huiua mizunguko hiyo kabla haijakua. Palipo na ulegevu, kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Basi yako maswali mawili tofauti: ni nini kimeuwasha mtetemo, na ni nini kimeuruhusu uendelee.

Swali la kwanza huku Gusii lina jibu la bei rahisi ambalo mafundi wengi hulipita. Udongo mwekundu wa mvua hujaa ndani ya rimu, kisha hukauka upande mmoja. Gari lililoshinda likizunguka vituo vya majani chai laweza kufika lami likiwa na tope zito lililogandamana ndani ya gurudumu, na hapo balansi ya jana haina maana. Rimu zioshwe kwa ndani kwanza. Kisha magurudumu ya mbele yapelekwe nyuma na ya nyuma yaje mbele, jambo lisilogharimu chochote zaidi ya jeki na spana. Mtetemo ukibadilika, matairi yanahusika. Ila hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mtetemo ukiisha kabisa baada ya kubadilishana magurudumu, wanafunga faili, ilhali kilichoondoka ni kichochezi tu. Ulegevu bado upo, unangoja shimo lingine au tairi lingine lililochakaa.

Swali la pili linajibiwa gari likiwa chini, uzito wake wote juu ya magurudumu. Injini iwake, mtu mmoja auzungushe usukani kulia na kushoto kwa robo mzunguko, mwingine awe chini na kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Macho hayatoshi, kiganja husikia mgongano ambao jicho halioni. Katika Land Cruiser za 78 na 79, zilizopewa springi za koili mbele tangu 1999, mahali pa kwanza ni rodi ya Panhard, ule mchuma unaoizuia ekseli isihame kulia au kushoto. Bushi yake ikiwa imekufa, au tundu la boliti limepanuka likawa la yai, ekseli huhama kabla magurudumu hayajakata kona. Tundu la namna hiyo haliponi kwa kukaza nati. Kwa kawaida chuma kinachosuguana hutoa unga mwekundu wa kutu kuzunguka boliti, ishara nzuri kwingineko, lakini huku kila kitu chini ya gari ni chekundu. Ndiyo maana sehemu hiyo ioshwe, gari liendeshwe siku moja kavu, kisha ikaguliwe. Land Cruiser 75 ya zamani, yenye springi za bapa mbele, haina rodi hiyo. Humo zitazamwe bushi za springi na pini za shakoli.

Baada ya hapo huja kingipini, egemeo ambalo kifundo cha gurudumu hugeukia, na hapa ndipo uchunguzi mwingi unapokwama. Gurudumu linainuliwa, linashikwa juu na chini, linatikiswa. Likicheza, fundi husema beringi za hapu zimekwisha. Mtu akanyage breki, litikiswe tena: breki huifunga hapu pamoja na kifundo, kwa hiyo mchezo unaobaki ni wa beringi za kingipini. Gumu zaidi ni kwamba gurudumu laweza lisicheze hata kidogo na bado kingipini ndizo zenye makosa. Beringi hizo hufungwa kwa mbano maalumu, na mbano huo ndio unaoleta msuguano wa kuua mtetemo. Sili ya kifundo ikipasuka, maji ya tope huingia, grisi hugeuka uji, beringi hulika kidogo, mbano unapotea bila mlio wowote. Kuupima, tairodi hutolewa, kisha mkono wa kifundo huvutwa kwa mizani ndogo ya ndoana, si ile kubwa ya kupimia majani chai, na nguvu ya kukigeuza kifundo ikalinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Mbano ukiwa umepungua, na beringi ni nzima, huondolewa shimu nyembamba chini ya kifuniko. Kwa maoni yangu, kukosekana kwa mizani hiyo ya bei ndogo kumewauzia watu dampa nyingi kuliko ubovu wa dampa zenyewe.

Atauliza mtu: mbona Toyota yenyewe hufunga dampa kiwandani? Ndiyo, ili imeze vipigo vya mawe na mashimo visifike mikononi mwa dereva. Haikuwekwa kushikilia tairodi iliyolegea. Ikipewa kazi hiyo huchakaa upesi, na wakati huohuo tundu la boliti linaendelea kupanuka kimyakimya, jambo ambalo ni hatari kuliko mtetemo unaosikika. Wapo pia wanaosema gari la wagonjwa haliwezi kungoja uchunguzi, heri kubadilisha kila kitu mara moja. Haraka hiyo naielewa, lakini jaribio la kiganja humalizika ndani ya nusu saa, na kubadilisha kila kitu hakugusi mbano wa kingipini, kwa kuwa huo hauuzwi dukani. Tena spea zote zikifungwa siku moja, na mojawapo ikawa bandia, mtetemo ukirudi hakuna anayejua aanzie wapi.

Bushi mpya ya rodi ya Panhard ikishaingia, boliti zake zipewe mkazo wa mwisho magurudumu yakiwa ardhini na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, machela na mitungi ya oksijeni ikiwamo. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, likishushwa mpira wa bushi hubaki umejipinda, na utapasuka mapema.