Kabumbu Simuni na Lugha ya Mtangazaji

Azam TV, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilitia sahihi na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, kwa shilingi bilioni 225.6. Mchezo uliotoka redioni ukaingia katika king'amuzi sasa wafuatwa pia simuni kwa intaneti. Juu ya fedha yamesemwa mengi. Juu ya lugha, machache mno.

Mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam aliwasimulia watu wasiouona uwanja. Hakuwa na budi kusema, mathalan, "mpira uko kushoto, karibu na mstari wa kati, pale aliposimama beki wa Yanga." Viambishi -po, -ko na -mo vilifanya kazi ya macho. (Chumvi nayo haikukosekana: mashuti ya redioni yote yalikuwa makali!) Mtangazaji wa picha hutosheka na "huyo, huyo, anakwenda!" Kionyeshi hicho ni sahihi, maadamu kionyeshwacho chaonekana.

Lakini mtandao ukilegea, picha ya simu hufifia ikawa mabaka, ilhali sauti yaendelea. Vijana wa Kilwa Kisiwani waliokizunguka kioo kimoja kando ya Gereza husikia "huyo" wasimjue ni nani, na kelele za bao kutoka penye king'amuzi huwatangulia. Wamenunua bando, wakapewa lugha ya mwenye dishi. Kutaja jina la mchezaji na mahali alipo hakumuudhi aonaye vizuri.