Chuma Kinachoachia Mfupa Kazi

Nyuma ya Magara, nchini Burundi, vilima vya Mumirwa vinapanda ghafla kutoka Ziwa Tanganyika. Mtu anayeshuka huko na mkungu wa mchikichi kichwani anaipa nyonga yake kazi nzito, lakini hata akitembea mikono mitupu kwenye barabara tambarare ya kwenda Rumonge, kila hatua huiangushia nyonga mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 150 na zaidi.

Mzigo huo ndio unaoulisha mfupa. Mwaka 1892 Julius Wolff, daktari wa Berlin, alieleza kwamba mfupa hujijenga pale unapobebeshwa na hukonda pale unapopumzishwa. Basi anayebuni nyonga ya bandia ana mtihani mgumu: shina lake la chuma, linaloingizwa ndani ya mfupa wa paja, liwe na nguvu ya kumbeba mtu miaka 20 au zaidi, ila lisiwe na uchoyo wa kazi.

Kobalti iliyochanganywa na kromu ni ngumu kupita mfupa zaidi ya mara 10. Titani hunesa zaidi, ingawa nayo huushinda mfupa mara 5 au 6. Shina nene la kobalti lililoshikamana na mfupa mpaka chini huupitisha mzigo moja kwa moja hadi karibu na ncha yake, na sehemu ya juu ya paja, upande wa ndani, hubaki haina la kufanya. Tangu 1979 madaktari hugawa mfupa unaolizunguka shina katika kanda 7, kwa mpango wa Gruen na wenzake. Kanda ya 7, yaani hiyo ya juu upande wa ndani, ndiyo mara nyingi hupungukiwa zaidi madini inapopimwa kwa mashine ya DEXA, hasa katika mwaka wa kwanza. Haki isemwe: wengi wenye mashina hayo wametembea miaka mingi bila maumivu.

Shina ninalolipenda kuliko yote lilizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1970, mikononi mwa daktari Robin Ling na mhandisi Clive Lee. Halina kola. Linazidi kuwa jembamba kuelekea chini, na limeng'arishwa kama kioo. Linakaa ndani ya saruji ya akriliki bila kugandana nayo. Mwenyewe akisimama, linazama kidogo mno, milimita moja au mbili kwa miaka, na kujikaza kama kabari kwenye gogo. Saruji ikibanwa, nayo huubana mfupa, na mfupa unapata riziki yake. Mwaka 1976 mng'aro ule uliondolewa, uso ukawa wa kufifia, umbo likabaki lilelile. Mashina yakaanza kulegea zaidi kuliko yale ya mwanzo, kwa kuwa uso uliokwaruza ulikuwa ukiisaga saruji. Mwaka 1986 mng'aro ukarudishwa. Nastaajabia subira ya watu waliorudi kwenye rekodi za wagonjwa wao mpaka wakaona kosa lilikuwa juujuu, kwenye ngozi ya chuma.

Kabari, lakini, hupasua. Rekodi za Uswidi zinaonyesha mfupa huvunjika mara nyingi zaidi kandokando ya shina la Exeter kuliko la Lubinus, la Kijerumani, lililopindwa kufuata mkunjo wa paja lenyewe. Hata hivyo, kwa bibi wa miaka 75 ambaye mifupa yake imekwisha kuwa myepesi, shina la saruji bado ni salama kuliko lile linalopigwa nyundo likae kavu.

Kijana ni habari nyingine. Sikoseli huweza kukiua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikosesha damu, mtu akahitaji nyonga mpya hata kabla ya miaka 30. Mara nyingi ugonjwa huohuo umeuziba mfereji wa ndani ya paja kwa mfupa mgumu, na daktari hulazimika kuutoboa polepole apate njia. Huyu karibu hakika atarudi kwenye meza ya upasuaji. Kila gramu ya mfupa iliyoachwa hai kuzunguka shina la kwanza ndiyo itakayolishika la pili.