Fishi ya mama anayetafuta mtoto: Code du numérique inasahau nini

Bandugu wasomi, wengi wenu mumeisifu Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, eti sasa Kongo nayo iko na sheria ya kisasa. Nimesoma sehemu ya data za mtu binafsi. Kwa kusoma ni nzuri. Habari za afya inazihesabu kuwa data nyeti, na inampa mtu haki ya kuona data zake popote zinaposhikwa. Lakini sisi watu wa agronomi hatupimi mbegu kwa maandishi ya mfuko, tunaipima shambani. Shamba langu hapa ni mwanamke wa Mapendo anayetafuta mtoto.

Kwa nini yeye? Ju matibabu yake ni ya kalenda, kama vile msimu A na msimu B. Homoni zinapimwa siku za kwanza za hedhi. Ekografi ya kufuata yai inakuja siku nyingine, radio ya mirija siku nyingine tena, na spermogramu ya bwana mara nyingi inarudiwa kisha wiki kadhaa. Kwa malaria, karatasi ikipotea unapima tena kesho, basi. Yeye ikipotea, amepoteza mwezi mzima na dola juu yake. Jirani zetu fulani walilipa radio ya mirija mara mbili, ju kliniki ya kwanza haikupata filamu, na ya pili haikukubali maneno ya mdomo.

Na musiseme ni shida ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anakutana na ugumba katika maisha yake. Wenye uwezo wanavuka mpaka na bahasha mkononi, wengine hadi Kampala. Kila daktari mpya anaanza na swali lile lile: matokeo ya zamani iko wapi? Hapa Goma jibu linaweza kuwa la ajabu. Tarehe 27 Mei 2021, kisha volkano, mtawala wa kijeshi aliamuru mitaa 10 ihame siku ile ile, na Mapendo ilikuwa ndani. Watu walienda Sake na Gisenyi na watoto na magodoro. Nani alifikiria bahasha ya labo?

(Kwa mabano: mfugaji akipandishia ng'ombe wake kwa mrija, anabaki na fishi: dume gani, tarehe gani, nani alifanya. Ng'ombe ni wake, fishi ni yake. Mwili wa mama, fishi ni ya kliniki.)

Hapo njo kosa la kwanza ninaloliona. Sheria inatoa haki ya kuona, lakini mgonjwa hana mlango wa kupitia. Haki ya kuandika barua na kungoja haimsaidii mtu ambaye yai lake halingoji. Na mlalamikaji wa Goma atapita wapi? Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, na taasisi za sheria hiyo ni za Kinshasa.

Kosa la pili ni gumu zaidi, na hapa sikubaliane na wale wanaosema «muweke yote kwenye simu, imeisha». Simu ya nani? Kwetu simu ya bibi inafunguliwa na bwana, na mara nyingine na mama mkwe. Fishi ya ugumba iko na mambo ya watu wawili: mimba ya zamani ambayo bwana hajui, ao mbegu chache za bwana ambaye familia yake inamtukana bibi kila Jumapili. Sheria inawaza mtu mmoja na data zake. Hawa ni wagonjwa wawili kwenye fishi moja. Mimi ningetaka kila mmoja afungue yake kwa neno lake la siri, na ukurasa wa pamoja ufunguke tu wawili wakikubali. Matokeo mabaya nayo yasianguke kwenye simu saa nne ya usiku bila mtu wa kueleza. Mtu akiona namba ndogo ya akiba ya mayai, Google itamwambia amekwisha, kumbe namba ile peke yake haisemi kama atazaa ao hapana.

Wengine watasema kliniki zetu hazina hata umeme, tungoje. Hapana. Mlango wa kwanza hauombi seva. Kliniki ichape kila matokeo nakala mbili, na tarehe, jina la kipimo, kizio na sahihi, nakala moja itoke na mgonjwa siku ile ile, naye aipige picha na kuituma kwenye barua pepe yake mwenyewe. Wenzetu wa informatiki munaotafuta kichwa cha kazi ya mwisho, hapa kazi iko: akaunti mbili, ukurasa mmoja wa pamoja, na ifunguke kwa mega chache.